Bi. Mwamvita na Watoto Wasionyamaza

Jarida hili la zahanati limekaa kimya muda mrefu, na wasomaji wanastahili kuombwa radhi. Mashine ya kuchapia iliharibika, kisha tukazoea kukaa bila jarida. Jambo moja limetuamsha: tarehe 30 Juni, Bi. Mwamvita Sadallah, muuguzi mkunga, anastaafu baada ya utumishi wa miaka thelathini na miwili.

Alianzia Mwananyamala, enzi ambazo familia sita zilipanga nyumba moja yenye korido moja. Mtoto akilia chumba cha mbele, wa chumba cha nyuma walijua kama ni njaa au usingizi. Tuliofanya naye kazi wakati huo bado tunaikumbuka chai yake ya tangawizi, aliyotumiminia kliniki ilipokwisha.

Kina mama walimletea watoto wasionyamaza, wengi wakiwa na hakika kwamba ni mchango, yale maradhi ya tumbo yanayosemwa kuwaliza watoto. Aliwapima kwanza. Mwenye homa au aliyekataa ziwa alimpeleka kwa daktari mara moja. Kwa mama ambaye mtoto wake alikuwa mzima na bado analia, alikuwa na somo lililozua maneno mtaani: hasira ikipanda, mlaze mtoto chali mahali asipoweza kuanguka, pasipo na mto wala nguo karibu na uso, utoke nje kidogo upumue, kisha urudi. Usimtikise kamwe.

Bibi Tabu, aliyemsindikiza mkwewe, hakukubali.

“Sie tumelea tisa,” alisema mbele ya benchi zima, “hatukutoka nje kupunga upepo.”

“Shikamoo, bibi. Hao tisa uliwabembeleza peke yako?” Bi. Mwamvita alimuuliza.

“Peke yangu vipi? Mama Noela si alikuwepo mlango wa pili!”

Benchi lilicheka, na Bibi Tabu akacheka wa mwisho. Tangu siku hiyo kila mzazi aliombwa aje kliniki na jirani wa kumpokea mtoto, mikono ikichoka.

Alipohamia zahanati yetu ya Madale, jirani wa namna hiyo hakuwepo. Nyumba zimetawanyika vilimani, kila moja na ukuta wake. Asubuhi moja mama kijana aitwaye Herieth alimpigia simu, akilia kuliko mtoto. Alikuwa amemkamata mwanawe mabega, tayari kumtikisa, akajizuia, akamlaza, akatoka uani. Bi. Mwamvita alimsifu kwa kutoka, akapanda kilima kwa miguu, akambeba mtoto na kumwamuru mama akalale. Mtoto huyo sasa yuko darasa la pili.

Ndipo alipoanzisha kikao cha Alhamisi, ambapo wazazi wa mteremko mmoja hujuana na kukubaliana nani ataitwa siku ikiwa ngumu. Sasa chumba cha kikao kinatakiwa kiwe stoo, na muuguzi wa kukiendesha hajapatikana. Tulipomuuliza anataka zawadi gani ya kuagwa, alijibu kwamba tusimnunulie kitu. Anataka Alhamisi ibaki. Hatuwezi kumwahidi kisichokuwa mikononi mwetu.

Bi. Mwamvita, tunakushukuru. Huko Kigamboni unakohamia kwa wanao tunakuombea afya, wajukuu na usingizi usiokatizwa. Herieth amesema chumba kikichukuliwa, watakutana barazani kwake. Baraza si badala ya muuguzi, na kamati ya zahanati imeelezwa hivyo. Ikishaamua, mimi mhariri nitakuandikia mwenyewe, na jibu likiwa baya sitalipamba.