Nobue Alisema Hajambo

Wasikilizaji wapendwa, asubuhi ya leo watu wa hapa Takaoka walifanya mazoezi ya redio, yale ya viungo yanayofuata muziki wa redioni, katika uwanja wa hekalu bila Nobue Kuriyama. Kwa miaka mingi yeye ndiye aliyesimama mbele. Jirani akichelewa kuinua mikono, alimtania: "Bwana, muziki umeshafika nyumbani, wewe bado uko njiani."

Nobue amefariki. Alikuwa na mpapatiko wa moyo: vyumba vya juu vilipiga ovyo. Mwanzoni ulikuja na kuondoka.

Ipo tiba. Mrija mwembamba hupitishwa mshipani hadi moyoni, na sehemu zinazovuruga mapigo huchomwa. Haimfai kila mtu, na ina hatari zake. Lakini utafiti unaonyesha kwamba ikifanywa mapema, hutuliza mapigo ya wengi kuliko dawa. Mapema. Lishikeni neno hilo.

Nobue hakutajiwa tiba hiyo. Kila alipokwenda kliniki, daktari alimuuliza kama anasumbuka. Kila mara aliinama na kujibu, "Sijambo, nashukuru kwa uangalizi wako." Akapewa vidonge vilevile. Nyumbani, kwa kuishiwa pumzi, alipanda ngazi kwa makalio, kinyumenyume. Mumewe, Shigemi, akamuuliza kama hayo ndiyo mazoezi mapya.

Binti yao, Satsuki, hakucheka. "Mama, kwa nini humwambii daktari?"

"Mwanangu, ukumbi mzima una wagonjwa. Nimlilie ngazi mimi?"

Satsuki alipomsindikiza kliniki na kusema ukweli, mpapatiko ulikuwa haukomi tena. Moyo ulikuwa umetanuka. Hospitali kubwa ilijaribu mrija, mapigo yakavurugika upya, na mwishowe moyo ukashindwa kazi.

"Daktari aliniambia Mama hakuwahi kulalamika," Satsuki amenieleza. "Nikamuuliza, ulimtazama lini akipanda ngazi?"



Sisemi Nobue angepona. Hakuna anayejua. Ninalojua ni kwamba tiba ilitajwa baada ya wakati wake kupita, na kwamba aliyekaa kimya kuihusu ndiye aliyesomea kuitaja. Hilo siliiti bahati mbaya.

Shigemi, Satsuki, poleni sana. Uwanja mzima unaomboleza nanyi.

Nanyi madaktari mnaotusikiliza: mama zenu pia wakiulizwa hali, hujibu hawajambo. Mnalijua hilo. Adabu si kipimo.

Na wewe unayekwenda kliniki kesho, inama, shukuru, kama tulivyolelewa. Kisha, kabla hujainuka kitini, taja ngazi.