Kahawa ya Akheri na Filamu ya Mwisho ya Mzee Jamaldini

Mzee Sadoki Nnko anastaafu tarehe 31 Julai 2025, baada ya miaka thelathini na minne ya kusafisha filamu katika studio yetu ya Jamaldini, hapa Kimandolu. Wateja wa filamu wamebaki wachache, lakini chumba cha giza hakijafungwa, kwa sababu yake.

Dawa ya kusafishia aliichanganya mwenyewe. Asubuhi za baridi alichukua chupa ya chai ya ofisi yenye maji ya moto kupashia dawa, kwa kuwa dawa baridi hufanya kazi kivivu na picha hutoka hafifu. Tulikosa chai, tukanung'unika, tukazoea.

Mwezi uliopita Salha, bosi wetu na binti wa marehemu Mzee Jamaldini, alikuta filamu ndani ya kamera ya baba yake. Alitumaini ina picha za marehemu mama yake, ambaye hakuwa na picha yake hata moja. Filamu husafishwa mara moja tu, ikiharibika, basi.

Metoli iliyobaki, kiini cha dawa, ilitosha mchanganyo mmoja tu. Mimi Calvin, ninayeandika haya, nikajitia ujuzi: nikamimina kwanza salfaiti yote, kiungo kingine cha dawa, na metoli ikagoma kuyeyuka, dawa ikaharibika. Metoli ndiyo hutangulia. Mzee alishanifundisha mara nyingi. Mzigo mpya ungefika Agosti, yeye akiwa ameshaondoka. Nilitamani nijifungie humo gizani.

Hakunigombeza. Aliniuliza tu kama nimekula. Kesho yake alikuja na kahawa ya shambani kwake Akheri, magadi ya kupikia maharage na vidonge vya vitamini C, akavichanganya kuwa dawa mbadala ya kusafishia. Kipande cha filamu nyingine cha majaribio kilitoka hafifu. Akayakaanga magadi kwenye sufuria yawe makali zaidi, akajaribu tena, kikatoka safi. Studio ilinuka siku tatu. Nashipae wa mapokezi aliwaambia wateja tunachemsha makongoro.

Ndipo akaiingiza filamu yenyewe. Sisi tulisubiri mlangoni, Salha ameshika mkono wangu. Zilitoka picha kumi na moja za mama yake akicheka uani. Alilia, nasi tukalia. Ya kumi na mbili ilikuwa ya Sadoki, amesimama nje ya chumba cha giza, kipimajoto mkononi, amekunja uso kwa jua. Ndiyo picha pekee tuliyo nayo ya miaka yake yote hapa, na ndiyo iliyo kwenye jalada la kijarida hiki cha kumuaga.

Shikamoo, mzee wetu, na ahsante sana. Mungu akupe afya na siku nyingi Akheri, na kahawa sasa uinywe. Ufunguo wa chumba cha giza ninao mimi. Metoli natanguliza.