Mama Kidole Anaondoka, Asilimia 104 Inabaki

Ijumaa hii, tarehe 30 Juni, saa tisa na nusu alasiri, Mama Kidole atafunga droo yake kwa mara ya mwisho, baada ya miaka thelathini na minne na miezi miwili ya kupambana na polio, surua, kipindupindu na sisi. Hao watatu wa mwanzo walimpa heshima yake wakarudi nyuma. Sisi bado tupo.

Kamati ya jarida letu la ofisi imeniomba niandike wasifu mfupi, wa kuchangamsha, usiomkwaza mtu. Ufupi nitajitahidi. Kwa kawaida Mratibu wetu husoma kila ukurasa kabla haujachapwa, ila wiki hii yuko kwenye warsha ya kujifunza kuendesha warsha, kwa hiyo leo naandika kwa nafasi.

Mama Kidole alianza kazi akiwa na miaka ishirini na mitano, mwembamba kiasi kwamba boksi la chanjo lilionekana kumbeba yeye. Kazi yenyewe haina siri. Unaingia nyumba kwa nyumba, unampa kila mtoto wa chini ya miaka mitano matone mawili mdomoni, kisha unampaka wino kidole cha mwisho cha mkono wa kushoto ili ijulikane amepata. Ukitoka, unaandika kwa chaki mlangoni: watoto umewakuta wangapi, wangapi wamepata. Wino ni wa mtoto, chaki ni ya mlango. Naomba msomaji ashike hapo hapo.

Maana chaki haina adabu. Chaki unaweza kuiandika ukiwa umesimama nje, mwenye nyumba hayupo na mvua inakunyeshea. Wino lazima umshike mtoto mkono, na mtoto wa miaka miwili hashikiki kwa maneno matupu. Ndiyo sababu Mama Kidole, alipopandishwa cheo kuwa msimamizi wa takwimu, hakumwamini mtu yeyote aliyerudi na hesabu za milango. Alishusha miwani hadi puani akasema maneno mawili tu: nionyeshe kidole. Tafsiri yake ni kwamba inuka, twende tukawaone watoto wenyewe.

Maneno hayo yakamkaa mdomoni. Dereva akidai amekagua mafuta, nionyeshe kidole. Mhudumu akisema maji ya chai yamechemka, nionyeshe kidole. Mumewe, fundi saa mpole sana, alitunong'oneza siku moja alipomfuata ofisini kwamba hata vidonge vyake vya presha havimezi kwa amani. Ni mjukuu wake peke yake aliyemuweza. Alipoulizwa kama ameoga, alijipaka wino wa kalamu kidoleni, akauonyesha kwa madaha, akaenda kukaa mezani na tope lake. Bibi alicheka mpaka machozi yakamtoka, halafu akamwogesha.

Nitakuwa mwongo nikisema tulimpenda kutwa kucha. Tulimkwepa. Kuna watu wazima, wenye vyeo, waliojifanya wanaongea na simu kila walipomwona koridoni. Ripoti yangu moja aliirudisha mara tisa, na mara ya tisa ilikuwa kwa sababu ya nukta. Nilitaka kulia. Nukta ilikuwa imekaa pabaya kweli.

Mwisho wa korido hiyo hiyo ndipo ilipo ofisi ya Mratibu, ambaye tunamwita Bosi Mabango, kwa upendo, pale asipotusikia. Bosi si mtu mbaya. Chini ya uongozi wake tumechapa mabango, fulana, kofia na mwavuli mmoja mkubwa ajabu, na laiti polio ingejua kusoma, ingekuwa imeshahama. Yeye ndiye aliyetuletea neno kufikiwa. Zamani tulisema watoto wamechanjwa. Siku hizi wanafikiwa. Gari la matangazo likipita, mtaa umefikiwa. Mtu akivishwa kofia, amefikiwa. Mama Kidole aliwahi kuuliza kikaoni, kwa sauti ya upole kama anayeuliza njia, iwapo mtoto aliyefikiwa na kipaza sauti hupata kinga masikioni tu au mwili mzima. Kikao kilienda mapumziko ya chai kabla ya wakati.

Basi, kampeni ya Aprili mwaka huu tukafikia asilimia mia moja na nne. Nasema tukafikia, lakini mwandishi wa ripoti ile ni mimi, na aibu ni yangu. Tulitarajia watoto elfu mbili, karatasi zikaonyesha elfu mbili na themanini. Bosi alifurahi, akaagiza bango. Mama Kidole akaja mezani kwangu ameishika ripoti kwa ncha za vidole, akaniuliza hao themanini wa ziada wametoka tumboni mwa nani. Nikajibu kwamba huenda tumefanya kazi vizuri kupita kiasi. Loo! Nikikumbuka alivyonitazama, hadi leo naona haya.

Balaa lilikuja baada ya hapo. Kwa kuwa tumevuka mia, Bosi aliona hakuna haja ya kuuhangaikia mtaa wa nyuma ya machimbo ya kokoto, ambako gari haliendi, njia inateleza, na akina mama wanavunja mawe huku watoto wamekaa pembeni wamejaa vumbi. Milango yake yote arobaini na mitatu ilikuwa na chaki. Kwenye mpango wa kampeni ya Julai, mtaa mzima ukaandikiwa neno moja: umefikiwa. Mama Kidole, na magoti yake yale, akapanda peke yake Jumamosi. Akahesabu watoto sitini na mmoja. Wenye wino, hakuna hata mmoja.

Msimamizi wa eneo lile nilikuwa mimi. Siku ya kazi nilikaa ndani ya gari chini ya kilima, mvua inanyesha, nikapokea karatasi za wachanjaji dirishani. Kioo nilikishusha nusu tu.

Mama Kidole akagoma kutia saini, na bila saini yake ripoti haiendi popote. Bosi akabembeleza. Akaja juu. Akamkumbusha kwamba amebakiza miezi miwili tu, angoje muda wake aondoke kiroho safi. Akajibiwa kwamba roho hiyo safi wakaitafute huko machimboni.

Jumanne yake wakaja wageni wa wafadhili. Bosi akawapeleka mtaa wa kando ya lami, ule tunaowapeleka wageni wote, kwa kuwa una kivuli na pa kuegesha magari. Yeye akiwa mbele ya bango anaieleza ile mia na nne, Mama Kidole akamwita mtoto mmoja wa miaka mitatu hivi, akamnyanyua mkono wa kushoto watu wote wauone. Vidole vinne vilikuwa na wino. Mama wa mtoto akaeleza bila hiyana: cha kwanza ni siku ya kampeni, cha pili walipokuja wapiga picha, cha tatu walipokuja watu wa redio, cha nne ni asubuhi ile ile, kwa ajili ya wageni. Akauliza kama dole gumba limewekwa kwa ajili ya wiki ijayo.

Mtoto hakudhurika, matone yakizidi hayamfanyi kitu. Aliyedhurika ni Bosi, uso ulimshuka. Mama Kidole akamwambia, mbele ya wageni, kwamba hii ndiyo asilimia yake nne, aishike vizuri isimponyoke. Kisha akachukua boksi la chanjo akalitia begani, akaanza kupanda machimboni, na wageni wakamfuata wasijue wafanye nini kingine. Bosi naye alipanda. Kiatu chake kimoja bado kiko huko. Watoto walipanga mstari wakinyoosha mikono iliyojaa vumbi, isiyo na wino, na siku ile wote sitini na mmoja walipata matone. Mimi nilishika karatasi ya kuhesabia. Nilihesabu mara tatu.

Mngedhani yameisha. Thubutu! Dozi moja haitoshi, lazima turudi Julai, na wiki iliyopita nimeuona mpango mpya. Mtaa wa machimbo umerudishwa, na mbele yake pameandikwa: kadiri njia itakavyoruhusu. Aliyewahi kufanya kazi ofisi hii anajua kwamba maneno hayo maana yake ni kamwe. Kampeni inaanza Jumatatu, tarehe 3 Julai. Mama Kidole anaondoka Ijumaa. Bosi anajua kuhesabu siku kuliko anavyojua kuhesabu watoto.

Nilimuuliza Mama Kidole kwa nini machimbo, kwani mitaa migumu tunayo mingi. Alinipeleka kwa fundi cherehani wa kona ya pili, yule anayetushonea sare, ambaye siku zote nilidhani ni binti wa dada yake kwa jinsi wanavyotembeleana. Nilikuwa nimeshaona kwamba anatumia cherehani ya mkono. Sikuwahi kujiuliza sababu. Mguu wake wa kulia haukanyagi.

Ilikuwa mwaka wa tatu wa kazi ya Mama Kidole. Nyumba ya machimboni, barafu ya kwenye boksi inayeyuka, mama wa nyumba yuko kwenye mawe, mtoto mkubwa amepata matone, mdogo amelala ndani. Akaandika mlangoni: wawili, wawili wamepata. Alijiambia atarudi kesho. Kesho yake akaitwa kwenye semina. Fundi alikuwa anatunga uzi kwenye sindano wakati tunaelezwa haya, na hakuinua macho. Alisema chaki ile ilikaa mlangoni hadi mvua za mwaka uliofuata. Mama yake hakujua kusoma, alidhani ni kinga, akawa anawakataza watoto wasiifute.

Wote wawili wameniruhusu niandike. Nimewauliza mara mbili.

Ijumaa kutakuwa na hotuba. Mama Kidole atapewa cheti, saa ya ukutani ambayo mumewe ataifungua kabla haijafika nyumbani, na bango lenye picha yake lililoandikwa ASILIMIA 100. Ndiyo, tumeshindwa kujizuia. Ameomba kitu kimoja tu, kwamba fundi wake akae meza ya mbele. Atakaa.

Mama, asante kwa kila ripoti uliyonirudishia, hata ile ya nukta. Tulikucheka nyuma ya mgongo wako miaka yote hii na tulikuwa wajinga. Nenda kapumzike. Magoti yapoe, mzee ameze vidonge vyake bila kesi, mjukuu aoge kwa hiari, na wewe ulale asubuhi mpaka uchoke kulala.

Na kwa kuwa Bosi yuko warshani, nayasema haya hapa yachapwe nakala mia mbili. Jumatatu tarehe 3, saa kumi na mbili asubuhi, napanda machimboni mimi mwenyewe, kwa miguu, njia iruhusu isiruhusu. Wino nimeshauchukua stoo. Chaki nimeiacha mezani kwako, Mama.