Viti Vinane vya Mzee Ridhwani: Maisha ya Honorine Mulume (1975–2003)

Honorine Mulume, ambaye tumemleta hapa leo kumlaza, alizaliwa Jumapili tarehe 9 Februari 1975 mjini Kamembe. Alikuwa mtoto wa kwanza kati ya watoto watatu wa Papa Dominique Mulume, muuza vitenge aliyetoka Bukavu, na Maman Bernadette Mukankusi. Papa alipoambiwa ni msichana alisema, "Vizuri, huyu ataniuzia vitenge." Hakumuuzia hata kimoja. Alipofika miaka tisa Papa alimwachia meza sokoni kwa saa moja, na kila mteja aliyeuliza bei, Honorine alimtajia bei ambayo Papa alinunulia Bukavu. Papa akamrudisha nyumbani akisema, "Huyu apelekwe masomo. Biashara itatukufia."

Basi akapelekwa. Alianza shule ya msingi hapa Kamembe mwaka 1981 na sekondari mwaka 1988. Alipaswa kumaliza mwaka 1994, na mwaka huo hatuuandikii mzaha. Walimu wake watatu hawakurudi, na wenzake wengi wa darasa hawakurudi. Alimaliza mwaka 1995 kati ya madawati matupu. Lile la pembeni yake lilikuwa la rafiki yake Mukamurenzi, na hakuruhusu mtu yeyote aweke mfuko juu yake.

Alitaka kusoma chuo kikuu, awe mwalimu wa hisabati. Hilo tu. Hakuomba ndege. Upande huu wa daraja la mpakani, linalotutenga na Bukavu, ofisi ilimwambia, "Baba yako ni wa Bukavu, kaombe msaada kwenu." Upande ule wakamwambia, "Wewe umezaliwa Kamembe, kaombe msaada kwenu." Alisema kwamba kwa maelezo hayo kwao lazima pawe katikati ya daraja, na kwamba siku moja angesimama pale na fomu yake aone nani atakuja kuipokea. Aliandikishwa Oktoba 1996 kwenye chuo kimoja cha Bukavu, na mwezi huohuo vita vikafika Bukavu kabla ya somo la kwanza. Akaandikishwa tena mwaka 1997. Ada ya kujiandikisha alilipa mara mbili, kwa sababu ile ya kwanza, aliambiwa, ilikuwa ya mwaka mwingine.

Papa alilipa minervali, yaani karo, ya miezi ya kwanza, kisha mizigo yake mitatu ya vitenge ikapotea barabarani. Chuo kilikuwa na mkopo kwa wanafunzi wasiojiweza. Sharti lilikuwa moja: uwe na mdhamini mwenye mshahara wa kudumu na nyumba ya matofali ya kuchoma. Mwenye jamaa wa namna hiyo hakuwa na haja ya mkopo, lakini hilo halikuwa na nafasi yake kwenye fomu. Ukabaki mfuko wa wafadhili, ambao jina lake hatulitaji kwa kuwa nyumbani bado tuna watoto wanaokua. Mfuko ulitaka cheti cha umaskini chenye mihuri miwili. Honorine alilipia muhuri wa kwanza, akakosa pesa ya muhuri wa pili. Karani akamwambia, "Dada, kama huna ya muhuri, utakuwa maskini gani wewe?" Akauza saa yake ya mkono, akawa maskini rasmi.

Kisha wafadhili wakatuma habari kwamba watu watatu wangekuja kuiona familia Jumamosi tarehe 7 Machi 1998. Hapa ndipo tulipoharibu. Maman alisikia neno wageni, na hakusikia lingine. Alikwenda kwa Mzee Ridhwani, fundi seremala jirani yetu, akaazima viti vinane vya kochi vilivyokuwa vinangoja mteja wa Cibitoke, vina harufu ya vanishi bado. Mdogo wa marehemu, Ushindi, ndiye anayewasomea haya, na ndiye aliyevibeba. Redio ilitoka kwa majirani. Sambaza, dagaa wa ziwa letu, zilikaangwa sahani mbili, wali ukapikwa, Fanta zikanunuliwa kwa deni. Wageni walikaa, wakala, wakajifuta midomo.

Mkubwa wao akauliza, "Maman, namna gani maisha hapa?"

Na Maman Bernadette, aliyefundishwa tangu utoto kwamba mgeni haambiwi shida, akajibu, "Mungu anatusaidia, papa. Hatukosi kitu."

Honorine alikuwa amesimama nyuma ya wageni, anapunga mikono kama mtu anayezuia lori. Maman alidhani anaomba Fanta ziongezwe. Zikaongezwa.

Jibu lilikuja baada ya wiki tatu, mstari mmoja: "Familia inajiweza. Viti vinane vya kochi."

"Maman," Honorine alisema, "bale bantu balikuya kuangalia umaskini! Weye unabaonyesha viti vya Mzee Ridhwani!"

"Sasa ningebaikalisha wapi? Chini, kama kuku?"

"Ndiyo! Chini! Njo vile tunakaa kwetu!"

"Basi Mungu anisamehe," akasema Maman, "lakini muntu hatakaa chini kwangu sababu ya minervali."

Hawakuzungumza siku nne. Siku ya tano Mzee Ridhwani alivaa kofia yake ya Ijumaa, akaenda na Honorine mpaka kwenye ofisi ya mfuko, akaapa kwamba viti ni vyake. Wakamwomba risiti. "Risiti?" akasema. "Nilibikata mwenyewe, nikabitengeneza mwenyewe. Risiti atanipa nani, muti?" Wakasema jalada limefungwa. Mzee alirudi nyumbani, akachoma chuma motoni, akaandika jina lake chini ya kila kiti kilichobaki katika karakana yake. Mpaka leo hakuna kiti kinachotoka kwake bila jina hilo. Tunamshukuru mbele ya watu wote.

Honorine akatafuta kazi chuoni. Asubuhi alideki ukumbi wa masomo, kisha akakaa mstari wa mbele na kuwaambia waliochelewa, "Mupanguse viatu, mimi siyo mvua." Mchana alizungusha mashine ya kunakili vitabu vya masomo vya maprofesa, akavisoma vikitoka, hata vya sheria na vya mifugo, na alimaliza miaka yake pale na vidole vyeusi vya wino. Malipo hayakuwa mkononi, yalikatwa kwenye minervali. Ofisi ya kukata ilikuwa ghorofa ya chini, ofisi ya minervali ghorofa ya juu, na ngazi iliyokuwa katikati ilimzeesha kuliko hisabati.

Agosti 1998 vita vikaanza upya wakati wa mitihani, mpaka ukafungwa, naye alikuwa upande huu. Daraja lilipofunguliwa alikuta kwenye ukuta matokeo yake: "Hakuhudhuria, bila sababu." Vita vilivyosikika mpaka kwenye kisiwa cha Nkombo, chuo hakikuvisikia. Alirudia mwaka mzima, na aliulipia.

Tarehe 12 Agosti 2000 aliolewa na Habineza, dereva wa lori wa Muganza. Familia ilipokea ng'ombe mmoja wa mahari. Honorine akasema mbele ya wazee wote kwamba ng'ombe ni wa minervali ya mwaka wa nne. Mjomba wa bwana harusi, Mzee Harelimana, akauliza, "Kumbe tumeposa shule?" Habineza akamjibu, "Ndiyo, mzee, na nimeipenda." Ng'ombe aliuzwa Jumatatu. Mwaka uliofuata walijaliwa mtoto mmoja, Christelle, ambaye mama yake alimnyonyesha huku akiandika kazi yake ya mwisho, na karatasi zina alama za mikono ya wote wawili.

Alimaliza Julai 2002 kwa daraja la kuheshimika. Diploma haikutoka, mpaka alipe tranchi, yaani awamu, ya mwisho ya minervali. Alifundisha Muganza kwa barua ya muda na nusu ya mshahara, kwa sababu mshahara kamili ulidai diploma, na diploma ilidai mshahara kamili. Alimaliza kulipa tarehe 28 Machi 2003. Chuo kikamwambia arudi baada ya Pasaka.

Baada ya Pasaka alikuwa kitandani. Figo zilianza kushindwa mwezi wa Aprili, akalazwa mara tatu, na hakulalamika isipokuwa kuhusu fomu za hospitali, ambazo alizisahihisha hesabu. Alifariki Jumatano tarehe 11 Juni 2003, saa nne asubuhi, Habineza akiwa amemshika mkono. Alikuwa na miaka ishirini na minane.

Juzi Habineza alivuka daraja kwenda kuchukua diploma, ili tuiweke pamoja naye. Sekretari alimpa pole, akafungua kabati, akaishika diploma mkononi, akaionyesha, akairudisha. "Mwenyewe lazima aje asaini," akasema. Tumewaza sana tumjibu nini, na hatujapata neno linaloweza kuchapishwa kwenye karatasi hii.

Ameacha mume, Habineza. Binti, Christelle, mwenye miaka miwili. Wazazi wake, Papa Dominique na Maman Bernadette. Dada yake, Uwimbabazi. Mdogo wake Ushindi, aliyeacha chuo katika mwaka wa kwanza na ambaye marehemu hakumsamehe. Na wanafunzi wake arobaini na mmoja wa Muganza, ambao wako hapa na wanajua kugawanya.

Tumeambiwa pia kwamba wawakilishi wa mfuko wamefika kutupa pole na wameketi mstari wa pili. Karibuni sana. Chakula kipo, Fanta zipo, Maman amehakikisha. Siku moja Christelle atawaletea fomu yake. Kabla hamjaandika lolote kuhusu nyumba hii, tunawaomba jambo moja kwa heshima: simameni, mpindue viti mlivyokalia, msome chini.

Honorine, dada yetu, umemaliza. Lala kwa amani, hapo hakuna wa kukudai saini.