Mpiga Dramu wa "Maji Yatakauka"

Marehemu tunayemsindikiza leo alizaliwa tarehe 9 Machi 1951, katika nyumba ya vyumba viwili nyuma ya kituo cha reli. Alikuwa mtoto wa tatu kati ya watano wa fundi wa mabehewa na mama aliyekuwa akiuza maziwa. Jina la Kishindo alipewa na mama yake mzazi hata kabla hajajua kusema vizuri. Mama alikuwa akieleza kwamba watoto wake wengine aliwaona wakiingia jikoni, lakini huyu alimsikia kwanza ndipo akamwona. Sufuria, ndoo, mlango wa kabati, mgongo wa kaka yake, chochote kilichokaa karibu naye kilipigwa. Jina likamkaa, na wateja wake wengi waliofika hapa leo hawakuwahi kulijua lingine.

Alisoma shule ya msingi iliyokuwa ng'ambo ya reli, kuanzia 1958 hadi 1965. Hakuwa mwanafunzi mbaya, ila kutulia hakukuwa kwake. Siku moja mwalimu wa hesabu alichoka kusikia dawati likilia, akamtoa nje. Kufika nje, marehemu akaanza na bati la dirisha. Mwalimu akafungua dirisha, akamwuliza, "Sasa nikupeleke wapi?" Naye akajibu kwa heshima zote, "Popote tu, mwalimu, mradi pasiwe na bati." Kisa hicho alikisimulia mwalimu mwenyewe, tena kwenye harusi ya marehemu, kwa hiyo hatujakitia chumvi. Mwaka 1966 aliingia chuo cha ufundi, na mwishoni mwa 1968 akatoka na cheti cha fundi bomba. Chuoni kulikuwa na bendi ya gwaride, akakabidhiwa ngoma kubwa. Huko ndiko mikono yake ilikopata adabu kidogo. Kidogo tu.

Januari 1969 aliajiriwa idara ya maji ya mji, na humo alifanya kazi hadi alipostaafu mwaka 2011. Nyumba nyingi za mji huu zina bomba alilolifunga yeye. Lakini nyumba moja ndiyo iliyoyageuza maisha yake, na hiyo ilikuwa ya marehemu baba yetu, karani wa posta. Anayewasomea wasifu huu ni shemeji yake Kishindo, na siku hiyo ya Julai 1974 alikuwa amesimama juu ya kochi, suruali ameikunja hadi magotini.

Bomba la jikoni lilikuwa limepasuka, maji yameingia hadi sebuleni. Sebuleni kulikuwa na piano ambayo baba aliinunua hoteli moja ilipokuwa inafungwa. Mdogo wangu wa kike, aliyekuwa mpiga chapa katika ofisi ya mawakili, alikuwa ameishikilia kwa upande mmoja kana kwamba angeweza kuibeba. Kishindo akaingia na mkoba wake wa spana, akatazama kushoto na kulia, kisha badala ya kwenda jikoni akatoka nje, akarudi na matofali, akaanza kuinua piano.

"Kijana!" baba akapaza sauti. "Nimekuita kwa ajili ya maji!"

"Mzee, maji yatakauka," akajibu akiwa ameinama. "Hii ikiloa mguu, ndiyo basi tena."

Mguu mmoja ulikuwa umeshaloa na kuoza. Wiki iliyofuata alirudi, bila kuitwa na bila kudai chochote, akiwa na kipande cha bomba la chuma alichokikata kwa kipimo, akakifunga mahali pa ule uliooza. Mdogo wangu akakaa kuijaribu piano, na Kishindo, ambaye hakuwahi kuona muziki ukipita bila kuugonga, akachukua spana mbili akaanza kufuatisha kwenye mkoba wake. Baba akatoka chumbani na gazeti mkononi. Alisimama pale mlangoni mpaka wimbo ukaisha, kisha akasema, "Sasa hapa ni kwangu au ni ukumbini?" Hakumfukuza.

Ndivyo ilivyozaliwa bendi iliyoitwa Sebuleni. Mdogo wangu kwenye piano, Kishindo kwenye dramu alizoazima kwenye ukumbi wa wafanyakazi wa reli, msomaji huyu akaimba, na rafiki yetu mshonaji, aliyekuwa na kibanda cha cherehani mtaa wa nyuma, akapiga besi. Tulipiga roki, na hatukuwa na gitaa la solo. Siku hizo roki bila gitaa la solo ilikuwa kama suruali bila mifuko. Mara ya kwanza tulipopanda jukwaani, Machi 1975, mtu wa viti vya nyuma alipiga kelele, "Gitaa liko wapi?" Mshonaji akajibu bila kugeuka, "Limeenda kupunguzwa kiuno!" Ukumbi ukacheka, piano ikaanza, na kufikia wimbo wa tatu hakuna aliyeuliza tena. Mdogo wangu alikuwa akiipiga kwa mikono yote miwili kama mtu anayekanda unga wa watu mia, na nyuma yake Kishindo akiwa Kishindo.

Oktoba 1976 tulipata nafasi ya kurekodi albamu yetu ya kwanza. Studio ilikuwa ghala la zamani la duka la vitambaa, kuta zake zimefunikwa mablanketi, na fundi wa kurekodi alikuwa mzee mkavu asiyetabasamu. Tukapiga wimbo wa kwanza kwa nguvu zetu zote. Alipoturudishia tusikilize, tulisikia dramu. Piano ilikuwepo, lakini ilisikika kama mtu anayeosha vyombo nyumba ya tatu. Mzee akaisukuma maikrofoni ya dramu hadi karibu na mlango. Tukarudia. Ikawa vilevile.

"Huyu mpiga dramu abadilishwe," fundi akasema, tena mbele yake. "Mimi ninaye kijana wangu, kesho asubuhi atakuwa hapa."

Kishindo hakubisha. Akaviweka vijiti juu ya kiti, akafuta jasho, akatuambia, "Hii ni nafasi yenu. Msiipoteze kwa ajili yangu." Akachukua mkoba wake wa spana akatoka. Tukawa tunatazamana. Ndipo tukasikia kifuniko cha piano kikishuka taratibu.

"Mzee," mdogo wangu akamwambia fundi, "akikaa mwingine nyuma yangu, mimi sipigi."

"Binti, unataka albamu au unataka mchumba?"

"Mchumba sijaulizwa bado. Albamu ninaitaka. Nipe mwezi mmoja."

Mzee akakubali, akatupa mwezi. Mdogo wangu akatoka mbio, akamkuta Kishindo kwenye kona ya barabara akinunua sigara, na yeye hakuwa mvutaji.

Mwezi ule Kishindo alihamishia dramu zake kitandani. Kila jioni akitoka kazini alikuwa akipiga nyimbo zote juu ya godoro na mito, akijifunza kupiga bila kusikika. Mama yake akasimama mlangoni, sufi zinaruka chumba kizima, akamwuliza, "Mwanangu, mto umekukosea nini?" Jumamosi na Jumapili alikuja kwetu, akakaa karibu na piano mikono mitupu. Mdogo wangu hakumruhusu hata kugonga goti. "Usihesabu," alimwambia. "Sikiliza mkono wangu wa kushoto tu. Unapokwenda, nenda. Unaposimama, simama." Kwake haikuwa rahisi. Kuna Jumapili aliondoka bila kuaga, akiwa karibu kulia kwa hasira, akasema yeye ni mtu wa mabomba na muziki wa kunong'ona haujui. Jumapili iliyofuata alikuwa wa kwanza kufika, na alikuwa amepiga pasi shati lake.

Tuliporudi studio, fundi hakutusalimia. Tukapiga wimbo ambao mdogo wangu alikuwa ameutunga ndani ya mwezi ule, akauita kwa maneno ya kwanza aliyoyasikia kutoka kwa Kishindo: Maji Yatakauka. Dramu ziliingia nyuma ya piano kama mtu anayefungua mlango wa chumba chenye mtoto aliyelala. Kisha piano ilipopanda, zikapanda nayo, na ilipofika kileleni ule mshindo wa zamani ukatoka wote, lakini piano ikiwa juu yake. Wimbo ukaisha. Mzee akavua visikizio vyake, akainuka, akaichukua ile maikrofoni aliyoisukuma mlangoni, akaisogeza karibu na dramu.

Albamu ilitoka tarehe 12 Agosti 1977, nyimbo tisa, nayo ikabeba jina la wimbo huo. Wenye umri wetu wataikumbuka. Msimu ule wote wa mvua redio ilikuwa ikiupiga wimbo wa kwanza kabla ya taarifa ya habari ya saa mbili. Ukipita mtaani ungeusikia ukitoka saluni ukaupokea kwa fundi viatu. Mwisho wa wimbo wa tatu, ukisikiliza vizuri, anasikika msichana akicheka. Huyo ni mdogo wangu, kigoda kilimtelezea. Tulitaka kuufuta mlio huo, Kishindo akakataa katakata. Hatukuwahi kutoa albamu ya pili. Mimi nilihamishiwa shule ya mbali kufundisha, mshonaji akapata kazi ya kiwanda nchi ya nje, na maisha yakatutawanya kila mtu na lake bila ugomvi wowote. Lakini mtu akituuliza ujana wetu ulikuwaje, tunamwekea sahani ile ya santuri.

Tarehe 17 Desemba mwaka huohuo wa 1977 marehemu alifunga ndoa na mpiga piano wake. Baba yetu alisimama kutoa neno, akasema, "Huyu nilimwita aje kuziba bomba, ameondoka na binti. Mabomba mengine nitayaziba mwenyewe." Walijaliwa watoto watatu. Katika nyumba yao piano ilikaa sebuleni na dramu zikakaa darini, na kila mtoto alikua akijua kwamba mama akikaa kwenye kigoda, baba anaacha alichoshika.

Kazini hakuwa mtu wa kujitangaza. Aliwahi kutusimulia jinsi alivyokuwa chini ya sinki katika nyumba moja, miaka ya themanini, redio ya jikoni ikaanza kuupiga wimbo wetu. Mama mwenye nyumba akaacha kukata vitunguu, akasema peke yake, "Hawa vijana walikuwa wanapiga, jamani. Sijui waliishia wapi." Kazi ilikuwa imeshakwisha, lakini Kishindo akabaki palepale chini, amelala chali na spana kifuani.

"Fundi, bado?" mama akauliza.

"Bado kidogo, mama."

Akatoka wimbo ulipokwisha, akaaga, akaenda zake. Tulimwuliza kwa nini hakusema. Akatujibu, "Ningesema, angezima redio aanze kuniuliza maswali."

Mwezi wa Juni 2019 marehemu alipatwa na kiharusi kilichodhoofisha upande wake wa kulia. Alilazwa majuma kadhaa, kisha akarudi nyumbani. Madaktari na wauguzi waliomhudumia tunawashukuru kwa dhati, na zaidi ya wote tunamshukuru binti yake wa kwanza, aliyehamia nyumbani ili amsaidie mama yake. Kuzungumza kulirudi polepole, mkono haukurudi. Kwa mtu wa mikono kama yeye hilo lilikuwa zito, na hatutaficha kwamba kulikuwa na miaka ya ukimya ambayo hakutaka kuona mgeni wala kusikia muziki.

Mwezi wa Februari mwaka huu, yeye mwenyewe aliomba albamu iwekwe. Tulikuwa wanne sebuleni: yeye, mkewe, binti yao na mimi. Alisikiliza upande wa kwanza wote macho amefumba. Sahani ilipogeuzwa, akainua mkono wa kushoto, akasema, "Rudisha hapo." Tukarudisha. "Tena." Tukarudisha tena. Tulidhani anasikiliza dramu zake.

"Jamani," akasema, "mshonaji alikuwa anapiga hivi? Miaka yote mimi nasikiliza piano. Sikuwahi kumwambia huyu mtu kitu."

Akataka mshonaji apigiwe simu saa ileile. Huko aliko kulikuwa bado alfajiri. Mshonaji akapokea kwa hofu, kama mtu anavyopokea simu ya saa hizo, akauliza kuna nini, nani ameumwa. Kishindo akamwambia, kwa ulimi wake uliokuwa bado mzito, "Hakuna aliyeumwa. Nimekupigia nikwambie kwamba ulipiga vizuri." Kisha tukasikia mtu mzima akilia, na Kishindo akimbembeleza kama mtoto, "Basi, basi. Nimechelewa, lakini nimesema." Kuanzia siku hiyo walizungumza kila juma. Muziki ukarudi nyumbani, na wageni wakaruhusiwa.

Kishindo alifariki nyumbani kwake alasiri ya Jumanne, tarehe 14 Mei 2024, kwa kiharusi cha pili. Alikuwa na umri wa miaka sabini na mitatu. Mkewe alikuwa amemshika mkono.

Ameacha mjane, watoto watatu, wajukuu saba, kaka mmoja na dada wawili, mashemeji, na mafundi wengi aliowafundisha kazi. Ameacha pia mwimbaji wake, anayesoma hapa, na mpiga besi wake, aliyesafiri usiku kucha kuja kumzika na amekaa safu ya mbele, kushoto kwa mjane.

Nenda kapumzike, shemeji. Mungu akulaze mahali pema, penye amani.