Muuguzi Vasta na Watoto Walionenepa Kwenye Karatasi

Tarehe 30 Juni 2018, baada ya miaka thelathini na mmoja ya kuchanja na kupima watoto, Muuguzi Vasta Ithungu anastaafu katika kituo chetu cha afya, Bwera. Alianzia Muhokya, akipanda vilima kwa miguu na kisanduku cha chanjo begani, na hakuna mama aliyemficha mtoto.

Mwaka 2014 alitufikia Daktari Nobert Ssali, mtafiti mwenye viatu visivyojua matope, kujaribu dawa ya kuongeza uzito kwa watoto dhaifu. Vasta ndiye aliyewashawishi kina mama mia mbili wajiandikishe. Mwezi wa pili wa jaribio mizani iliharibika. Daktari aliahidi kuleta nyingine, akapotea.

Mwaka uliofuata alituita ukumbini Kasese tusikilize matokeo: watoto wote walinenepa, kila mwezi, kwa miezi sita. Bila mizani! Mmoja wao, Bright, mwana wa Rusi, alifariki mwezi wa tatu. Kwenye jedwali la mtaalamu aliongeza kilo mbili baada ya kuzikwa. Wakubwa walipiga makofi.

Vasta alisimama. Mimi ninayeandika haya nilimvuta gauni aketi. Hakuketi.

"Daktari, huyo Bright tulimzika. Ulimpimia wapi?"

Msomi wetu alikunywa maji, akasema ni kosa la uchapaji. Uchapaji wa kilo mbili! Vasta akaandikiwa barua ya onyo. Ripoti ilifutwa baada ya miaka miwili, na Daktari mwenyewe hajaomba radhi hadi leo.

Hasara ilibaki kwetu. Kina mama waliacha kuleta watoto hata kwa chanjo ya surua, na surua ikaingia. Vasta akazunguka nyumba kwa nyumba. Rusi alimkabili mlangoni:

"Mutoto yangu iko kwa kaburi, nyinyi munaandika ananenepa? Na ni wewe ulinipeleka kule."

"Ni mimi," Vasta alijibu. "Nisamehe, mama."

Hakumtupia mtu mwingine lawama. Alirudi mara nne, akafungiwa mlango mara nne. Mara ya tano Rusi alitoka na binti yake wa miezi kumi, akamkabidhi achanjwe. Majirani wakafuata, mmoja mmoja.

Evas anayeshika nafasi yake tumemwambia aandike alichokiona. Asichokiona, aache wazi.

Nenda salama, Dada Vasta. Umetuheshimisha. Kahawa yako mlimani inakungoja. Ikuzalie vizuri, nawe uichume kwa raha.