Bi Kioo Anastaafu, Kistari Bado Kipo Palepale

Baada ya miaka thelathini na mmoja ya kufundisha hisabati katika shule hii, Bi Kioo anastaafu tarehe thelathini ya mwezi huu. Kamati ya sherehe imeniomba mimi, seremala wa shule, niandike wasifu wake, kwa kuwa kati ya watumishi waliobaki ni mimi peke yangu niliyemwona akiingia getini na sanduku lake siku ya kwanza. Wakaniambia niandike kwa ufupi, nichekeshe kidogo, na nisiguse habari za ukuta. Ufupi nitajaribu. Kuchekesha ndiyo kazi yangu ya pili baada ya randa. Hilo la tatu wangemtafuta mtu mwenye adabu.

Jina lake halisi liko kwenye cheti cha kuzaliwa na huko ndiko lilikobaki. Wiki yake ya kwanza, kila akikaa chumba cha walimu alikuwa anatoa kioo mkobani, anakitazama, anakirudisha. Walimu wanaume wakaanza kukonyezana. Mmoja akasema, "Huyu dada kaja kufundisha au kaja kutafuta mchumba?" Ijumaa wakapita dirishani kwake kumchungulia wakiwa na meno nje, wakakuta darasa zima limepiga magoti sakafuni. Katikati kuna picha ya Mkuu wa Shule wa enzi hizo, na kioo kimesimamishwa juu ya pua yake. Upande wa kulia ukijiakisi, Mkuu anakuwa mnene, mchangamfu, mtu wa kukupa ruhusa. Upande wa kushoto ukijiakisi, anakuwa mwembamba na macho ya mtu anayedaiwa. Watoto walicheka mpaka kengele ikalia, na Mkuu mwenyewe alipoletewa habari akaomba aonyeshwe. Inasemekana tangu siku hiyo alipiga picha zote kwa upande wa kulia. Jina la Bi Kioo likaganda hapo hapo, na mwenyewe akalipenda.

Kwa wasiojua, kuna mada moja kwenye hisabati inayohusu umbo linavyohama bila kupoteza sura yake. Unaweza kulisogeza, kulizungusha, kuligeuza kama kwenye kioo, au kulikuza likawa kubwa. Kitabuni mada hiyo ina vishale, herufi na mabano, na inanukia vumbi. Bi Kioo aliikuta hivyo akaikasirikia. Aliwaambia watoto warudi nyumbani wakaitafute. Wakaja na vitambaa vya kufuma alivyotandika mama juu ya makochi. Wakaja na vipande vya mikeka, wakaja na michoro ya nondo za madirisha, wakaja na vichwa vyao wenyewe. Mwalimu wa nidhamu alimfukuza binti mmoja kwenye mstari wa asubuhi kwa sababu ya nywele alizosuka, naye Bi Kioo akamchukua moja kwa moja mpaka darasani, akamkalisha mbele na kuwaomba wenzake waonyeshe mchirizi wa katikati ulipopita na msuko upi ni pacha wa upi. Binti alikuwa hajawahi kupata swali la hisabati maishani mwake. Siku hiyo alikuwa ndiye swali, na jibu akalitoa yeye.

Siku nyingine aliwalowesha watoto miguu kwenye beseni, akawatembeza barazani peku. Kushoto, kulia, kushoto, kulia. Unyayo mmoja ukigeuzwa kama kwenye kioo na kusogezwa mbele, unaupata wa pili. Mama wa usafi alitoka na ndoo yake akasimama mikono kiunoni. "Mwalimu, hesabu hii nzuri. Nani ataipiga deki?" Bi Kioo akaipiga deki yeye mwenyewe, na kwa jinsi nilivyomwona, hata ule mtindo wa kupeleka deki huku na huku ulikuwa na somo ndani yake, ila mama wa usafi alikataa kusomeshwa.

Akaja baba mmoja amefura. Alisema amemleta mwanawe asome, si afundishwe kufuma. Bi Kioo hakubishana naye. Akampa kitambaa cha duara, akamwambia, "Baba, kizungushe kidogo kidogo. Ukiona kimerudi kama kilivyokuwa, niambie." Baba akakaa. Akazungusha. Akahesabu kwa midomo. Kipindi kikaisha, kikaingia kingine, yeye yupo tu kwenye dawati la nyuma magoti yamemfika kidevuni. Wakati wa kuondoka akaomba akakionyeshe nyumbani.

Halafu zikaja kompyuta. Shule ililetewa mashine nzuri kabisa, zikapangwa kwenye chumba, zikafungiwa, na kila moja ikafunikwa kitambaa kama maiti inayosubiri ndugu wa mbali. Ukiuliza unaambiwa zisiguswe, zitaharibika. Kitu ambacho hakitumiki kinaharibikaje, hilo sikuelezwa na bado nasubiri. Bi Kioo akaenda ofisini akauliza kwa upole, "Mashine zisiguswe, sawa. Na vitambaa?" Wakatazamana. Sheria ya vitambaa haikuwepo. Akaingiza darasa mle chumbani, wakasoma vitambaa vilivyofunika kompyuta kwa muda wa muhula mzima, mpaka wakubwa wakaona aibu wakaziwasha. Alikuwa amekwisha kufundishwa na mjukuu wake jinsi ya kushika kipanya, na ndani ya wiki mbili watoto walikuwa wanapiga picha nondo za madirisha ya mtaani, wanaziweka kwenye skrini, wanazungusha na kunakili mpaka ukuta mzima wa skrini unajaa. Fundi wa madirisha wa jirani alikuja kuomba mchoro mmoja. Nami niliomba mmoja, ndio uliopo kwenye mlango wa ofisi ya Mkuu, msiojua mlikuwa mnausifia bure.

Sasa ukuta.

Miaka minane iliyopita Mwalimu wa Taaluma alipata wazo la kupaka kanuni za hisabati kwenye ukuta mrefu unaotazama uwanja, ili mtoto hata akicheza awe anasoma. Wazo zuri, simnyimi. Akaandika kanuni kwenye karatasi, akampa mchoraji wa mabango, naye akazipaka kwa herufi kubwa za bluu. Ya kuzungusha robo duara, kinyume cha mishale ya saa, ikaandikwa hivi: (x, y) huwa (y, −x). Mgeni rasmi akaja, utepe ukakatwa, tukapiga makofi, mimi nikiwa mstari wa mbele nasubiri soda.

Bi Kioo hakupiga makofi. Kile kistari cha hasi kilikuwa kimekaa kwa x wakati mahali pake ni kwa y. Usiogope herufi, hata mimi niliyetoka shule nikiwa bado sijafika kwenye mabano nilielewa alivyonionyesha. Simama ukitazama ukuta. Nyoosha mkono wa kulia pembeni. Uzungushe robo duara kinyume cha saa. Mkono umepanda juu, umekuwa kama wa mtoto anayeomba kuuliza swali, sivyo? Ukuta wetu unasema umeshuka chini, unaning'inia kama wa mtu aliyekata tamaa. Na huyu mama mumewe ni fundi saa. Kati ya watu wote duniani, ndiye waliyetaka kumdanganya mishale inakwenda upande gani!

Alikwenda kwa Mwalimu wa Taaluma jioni ile ile. Akajibiwa, "Dada, ukuta umeshazinduliwa." Akasema kistari ni kidogo tu, urefu wa kidole, kinahama kwa dakika moja. Akajibiwa kwamba mgeni rasmi atajisikiaje. Mgeni rasmi! Mtu aliyekuja na mkasi, akakata utepe, akala, akaondoka, na hakika mpaka leo hajui x ni mnyama au mboga. Watoto mia kadhaa wapotee njia ili yeye asijisikie vibaya huko aliko. Mimi nimetengeneza viti maisha yangu yote, na kiti kikiwa na mguu mfupi hakuna aliyewahi kuniambia kisiguswe kwa kuwa kimeshakaliwa na mkubwa.

Wapo waliomshauri achukue brashi usiku ayamalize. Mimi ni mmoja wao, na rangi ya bluu nilikuwa nayo. Alikataa. Alisema kilichofundishwa vibaya mchana, mbele ya watoto, kinarekebishwa mchana, mbele ya watoto. Na anayekirekebisha ni yule aliyekiandika, ili waone mtu mzima akikosea anafanya nini. Nikamwambia, "Mama, utasubiri sana." Akasema atasubiri.

Akaendelea kufundisha kwa kioo, kwa vitambaa, kwa kompyuta, na darasa lake likawa linajibu sawasawa. Basi watoto wake wakaitwa wakaidi. Binti wa mshona viatu wa hapo njia panda, mtoto mpole asiyeweza kumkosea adabu hata paka, alijibu swali la kuzungusha kwenye jaribio la shule akapata, akasahihishiwa kosa. Akaambiwa ainakili kanuni ya ukutani mpaka mkono ufe ganzi. Akanakili. Mtihani wa mwisho ulipokuja, swali lile lile likatokea, naye akajibu kama ukuta. Alikuja karakana kwangu siku ile kumtafuta Bi Kioo, akamkuta amekaa kwenye benchi langu, akasema maneno mawili tu: "Nilijua. Nikaogopa."

Nimemfahamu Bi Kioo miaka yote hii. Nimemwona kafiwa, nimemwona kaugua, nimemwona kanyimwa ukuu wa idara mara tatu wakipewa vijana aliowafundisha mwenyewe. Sikuwahi kumwona katika hali ile. Swali moja la mtihani halikumuuma hivyo. Kilichomuuma ni kwamba shule imechukua mtoto anayeona, ikamfundisha asiamini macho yake.

Wiki iliyopita alikuwa na kipindi chake cha mwisho. Kidato cha pili wana mtihani mwezi ujao. Akawatoa nje, mbele ya ukuta. Nilikuwa nimemkatia bendera ya plaiwudi, tukaipigilia msumari mmoja kwenye kona ili izunguke. Mtoto mmoja baada ya mwingine akawa anaizungusha na kutazama inapoishia. Mwalimu wa Taaluma akashuka ngazi kuona kuna nini. Bi Kioo akamkaribisha kwa heshima zote, "Karibu, kaka, zungusha na wewe." Akazungusha. Ikapanda juu. Akaitazama. Akairudisha, akazungusha tena, safari hii kuelekea upande wa pili, ikashuka chini. Akasema, "Si hii hapa? Inakubaliana na ukuta." Kasauti kakatoka nyuma: "Mwalimu, hapo umekwenda na saa."

Hakuna aliyecheka. Ningecheka mimi, ila Bi Kioo alinitazama. Mwalimu wa Taaluma akafuta mikono yake kwenye suruali, akapanda ngazi.

Nilikwenda kwa Mkuu wa Shule siku iliyofuata na kofia yangu mkononi. Nikamweleza kwamba mama huyu ameulizwa anataka zawadi gani, akasema hataki kabati, hataki saa ya ukutani (nyumbani wanazo za kuuza), anataka kistari kihame kabla watoto hawajaingia kwenye mtihani. Mkuu akanisikiliza vizuri sana. Akasema, "Mzee, tutaunda kamati." Kamati! Ya kuhamisha kistari! Mwenyekiti ashike ngazi, katibu ashike kopo, mtunza hazina ahesabu nywele za brashi. Nilimwambia hayo hayo, akaniambia niende nikapumzike.

Basi sipumziki. Wazazi mtakaokuja siku ya sherehe, viti nimevipanga mimi, na vyote vinautazama ukuta. Mkiwa mmekaa, nyoosheni mikono ya kulia, zungusheni kinyume cha saa, mwone itakapoishia. Meza kuu nayo naomba ifanye hivyo hivyo.

Bi Kioo, ahsante. Ahsante kwa watoto uliowarudisha nyumbani wakaona kwamba mama zao wamekuwa wakifanya hisabati kwenye makochi miaka yote. Ahsante kwa binti wa misuko, ambaye leo ana saluni na anagawa kichwa kwa macho tu. Ahsante kwa hasira zako, ambazo hukuzipeleka kwa mtoto hata mmoja.

Nilikuwa nimefika hapo, naipeleka karatasi hii kuchapishwa asubuhi ya leo, ndipo nikamkuta Mwalimu wa Taaluma uwanjani. Yuko peke yake, kabla ya kengele, anautazama ukuta wake. Ameunyoosha mkono wa kulia pembeni. Anauzungusha taratibu, mara moja, mara ya pili, mara ya tatu, na kila mara unapanda juu. Mara ya nne akauacha huko huko juu, akabaki hivyo kama anayesubiri kuitwa. Aliponiona akaushusha haraka akajifanya anafukuza nzi.

Nzi hakuwepo. Lakini sikumtania, na wanaonijua wanaelewa hilo ni jambo kubwa. Nilimpa salamu, nikaliweka kopo la rangi ya bluu chini ya ukuta pamoja na brashi laini, nikaenda zangu. Nenda kwa amani, mama, ukae na mumeo mzee wa saa, ulee wajukuu, uishi vizuri na kwa muda mrefu. Mpaka naandika mstari huu kopo bado limefungwa, lakini Mwalimu wa Taaluma hajaondoka pale.